Tafadhali Msitie Saini Mkataba wa Mto

Kwa Mheshimiwa Katibu,
Tume ya Pamoja ya Mto,
Chumba cha juu kinachotazama daraja,
Hapa hapa hotelini.

Mheshimiwa Katibu,

Kuhusu: Ombi la kuahirisha makubaliano kwa muda usiojulikana

Nianze kwa kukujulia hali, ingawa nimekuona asubuhi hii ukishuka ngazi na mayai nimekupakulia kwa mkono wangu. Barua rasmi ina utaratibu wake, na mimi ni mtu wa utaratibu. Natumaini hujambo, mgongo umepungua kuuma tangu tulipokubadilishia godoro, na wajumbe wako wa nchi ya juu na wa nchi ya chini ni wazima wa afya. Sisi wa jikoni, mapokezi na kufulia hatujambo kiasi.

Mimi ndiye mwenye hoteli hii. Unanijua kama yule mama anayepita ukumbini kukagua chupa za maji, na labda hukuwahi kujiuliza nawaza nini nikipita. Leo nitakwambia. Nimesikia, maana kuta za hoteli yangu nazijua zinavyopitisha sauti, kwamba mkataba wa kugawana maji ya mto huu umekamilika na kwamba kesho mtautia saini. Habari hiyo imeniondolea hamu ya kula. Kwa hiyo naandika kukuomba, kwa unyenyekevu wote, msifanye hivyo.

Najua ombi langu linaweza kukushangaza, kwa sababu watu wengi wanawaombea muelewane. Watu hao hawaendeshi hoteli. Mlipoanza vikao vyenu, binti yangu alikuwa shule ya msingi, anafanya mazoezi yake ya hesabu chini ya meza ya mapokezi huku nyinyi mkipokea funguo juu yake. Leo yeye ndiye anayewapa hizo funguo. Katika muda wote huo mmekuja kila msimu kugombania jambo moja: nchi ya juu ina mabwawa, na mabwawa yana milango, wakiifunga, sisi wa nchi ya chini tunakauka, na wakiifungua bila kusema, tunafurika. Mimi ni raia wa nchi ya chini na kiu naijua, lakini mbele ya mgeni sina upande. Ninachojua ni kwamba ugomvi huu umelelewa katika nyumba yangu, umekula na kulala hapa, na sasa mnataka kuumaliza bila hata kuniuliza mwenye nyumba.

Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Chai ya asubuhi. Kwa miaka yote wajumbe wa nchi ya juu walikaa upande wa madirisha, na wa nchi ya chini wakakaa upande wa mlango. Katikati niliweka meza tupu yenye chombo cha maua, na hakuna aliyethubutu kuisogelea. Kila upande ulitaka birika lake, kikapu chake cha mkate na mhudumu wake, na hakuna aliyekubali kuondoka mezani kabla ya wenzake wa upande wa pili, kwa hiyo wote walibaki wakiagiza chai. Katika kikao hiki nimeshuka asubuhi nikakuta maua yamehamishiwa dirishani na watu wamechanganyika. Mwanasheria wa nchi ya juu alikuwa anampa chumvi mwanasheria wa nchi ya chini bila kuombwa. Walikuwa wanacheka. Mpishi wangu alitoka jikoni mbio akidhani kuna mtu ameanguka. Sasa wanakunywa chai haraka haraka wakiwa wamesimama, wanakimbilia ukumbini kufanya kazi, na mkate unabaki.

2. Tangi la maji ya moto. Hili linaniuma zaidi, kwa sababu nyumba yangu imetumika bila idhini yangu. Tulipokuwa tunapaka rangi vyumba vya upande wa bustani, viongozi wa misafara yote miwili walipewa vyumba vinavyopakana. Niruhusu niwataje kwa majina yao ya jikoni, maana hayo ndiyo tuliyoyazoea. Wa nchi ya juu tunamwita Mzee Lango, kwa sababu kila hotuba yake inaishia kwenye milango ya mabwawa. Wa nchi ya chini ni Mzee Kina, kwa sababu hawezi kupita penye maji, hata kama ni bakuli la supu, bila kuuliza yana kina gani.

Vyumba vyao vinategemea tangi moja. Bomba linapita kwanza kwa Mzee Lango, kisha linakwenda kwa Mzee Kina. Siku za mwanzo mambo yalikwenda vizuri sana. Mzee Lango alioga kwa raha zake, akiimba, na Mzee Kina akapata maji ya baridi, akashuka ukumbini amenuna na akavunja kikao kabla ya mapumziko ya chai. Nikamwambia mpishi aongeze nyama, wageni hawaondoki leo wala kesho. Kisha asubuhi moja nilikuwa napita koridoni na mataulo, nikasikia ukuta unagongwa. Mzee Lango anagonga mara mbili: naingia kuoga. Mzee Kina anajibu mara moja: nimekusikia, niachie nusu. Baadaye Mzee Lango anagonga tena: nimetoka, zamu yako. Siku ambayo Mzee Kina alikuwa na mkutano mapema, yeye ndiye aliyetangulia. Na siku ambayo umeme ulikatika na tangi likawa vuguvugu, wote wawili walioga kidogo kidogo, kisha wakashuka ngazi pamoja wakilalamikia hoteli yangu kwa sauti moja.

Nilijikaza, nikasema haya ni mambo ya bafuni, yatabaki bafuni. Lakini juzi, nikiokota vikombe ukumbini, niliona karatasi za mkataba mezani na macho hayana pazia. Kuna kifungu kinachosema nchi ya juu itatoa taarifa kabla ya kufunga au kufungua milango. Kuna kingine kinachosema mwaka wa ukame kila upande utapunguza matumizi yake. Mheshimiwa, mimi vifungu hivyo nilivisikia vikigongwa ukutani kabla hamjaviandika. Nchi mbili zimepatanishwa na tangi langu, na kwenye shukrani za mwisho wa mkataba sikuona nimetajwa.

3. Kipimo cha darajani. Hapo zamani nguzo ya daraja ilikuwa na mbao mbili za kupimia maji, kila nchi na ya kwake, na rangi yake. Hazikuwahi kukubaliana hata siku moja. Kila kikao kilianza kwa kubishana ubao upi unasema kweli, na kila nchi ilikuja na wataalamu ambao kazi yao ilikuwa kupinga ubao wa wenzao tu. Walikuwa watu wazuri, wanalala mapema na hawavunji vyombo. Sasa kuna ubao mmoja. Unasomwa na watu wa pande zote mbili kwa pamoja, wanaandika kilekile, na wale wataalamu wa kupinga hawaji tena. Vyumba vyao nimevifanya stoo ya magodoro. Wazo hilo la ubao mmoja lilitolewa na kijana wa vipimo wa nchi ya juu, ambaye nitamrudia hapo chini, kwa sababu kuna mengi ya kusema juu yake.

4. Mchango wangu kutothaminiwa. Mnadhani mmeshindwa kuelewana kwa muda wote huu kwa nguvu zenu peke yenu? Nani alikuwa anaweka baridi ya ukumbi mpaka watu wanajikunyata na kukosa subira? Nani aliyehakikisha kwamba siku ya jambo gumu chakula cha mchana kinakuwa kizito, ili mkirudi ukumbini nusu yenu msinzie na nusu mgombane na waliosinzia? Mwaka ule wa mafuriko mlikuwa mmefika kifungu cha mwisho kabisa, kalamu ziko wazi, na mimi nikaingia na keki ya kuzaliwa ya Mzee Lango, yenye mishumaa. Mlipomaliza kuimba na kukata, hakuna aliyekumbuka mlikuwa mmekubaliana nini, na Mzee Kina alikuwa amekasirika kwa sababu siku yake ya kuzaliwa ilipita bila keki. Tukapata misimu mingine mizuri. Sidai nishani, lakini mtu akikuhudumia hivyo, hukai ukamtilia mchanga kitumbua chake.

5. Kaka yangu. Yeye analima vitunguu bondeni, chini ya daraja. Mwaka mmoja milango ilifungwa wakati vitunguu vimeanza kujaa, vikabaki vidogo na vikali, vya kumliza mtu bure. Mwaka uliofuata ikafunguliwa bila neno, maji yakaja yakachukua vitunguu, matuta, na pampu aliyokuwa amesaidiwa kununua na shemeji yake. Tangu hapo kila mnapokutana anakuja mlango wa jikoni, anavua kofia na kuuliza, wameelewana? Nami namjibu bado, na yeye anashukuru, anapewa chai, anarudi zake. Wiki hii aliposikia kwamba mmeelewana alikaa kwenye kiti cha jikoni akafuta macho, mtu mzima mwenye wajukuu. Ameshaanza kupanga vitalu.

Nilijaribu kumwelewesha. Nilimwambia vitunguu vinapandwa kila mwaka, lakini Tume kama hii haipatikani kila mwaka, na mto ukishatulia hakuna atakayekuja kuutazama. Aliniangalia sana, kisha akasema, dada, hivi humu jikoni mnakula vitunguu vya nani? Nikageuka kukoroga supu, ilikuwa inachemka. Naomba Tume itambue kwamba mkataba huu umeanza kuleta uhasama ndani ya familia hata kabla ya kutiwa saini.

6. Binti yangu. Sasa nafika penyewe, Mheshimiwa, na naomba barua hii uisome mahali ulipo peke yako.

Binti yangu ni mtu wa kazi na hana makuu. Anajua mgeni yupi hataki chumba cha ngazi, na yupi anasema hataki simu wakati anaingoja. Tangu yule kijana wa vipimo aanze kuja, nimeona anavyobadilika. Siku ambayo msafara wa nchi ya juu unategemewa, meza ya mapokezi inafutwa mara mbili na yeye anavaa lile gauni la bluu ambalo anasema si la kazini. Kijana naye anakuja kuomba ufunguo ambao uko mfukoni mwake. Anauliza kifungua kinywa kinaanza wakati gani, na amekula hapa miaka. Anakaa kwenye benchi la mapokezi na kompyuta yake akisema hapo ndipo mtandao unashika vizuri, jambo ambalo si kweli, hapo ndipo unaposhika vibaya kuliko hoteli nzima. Amepima kisima changu bila kuombwa, amepima mifereji ya paa, na msimu uliopita nilimkuta akipima maji ya ndoo ya mfagizi ili tu awe na sababu ya kusimama pale.

Ni kijana mzuri, siwezi kumsema vibaya. Anawaamkia wazee, anarudisha sahani yake jikoni mwenyewe, na binti yangu akicheka huwa anasahau alichokuwa anasema. Tatizo lake ni moja tu: hasemi. Msimu unakuja, msimu unakwisha, anabeba begi lake na ile fimbo yake yenye namba, ananishika mkono kwa mikono miwili, ananiambia, mama, tuvute subira. Subira ya nini? Nimemtengenezea nafasi mpaka nimechoka. Nimemwacha peke yake na binti yangu mapokezi kwa kisingizio cha kwenda kutafuta balbu, nikakaa stoo na magodoro mpaka miguu ikafa ganzi. Nikirudi nawakuta wamenyamaza, na yeye anaangalia kiatu chake.

Nimelifikiria sana jambo hili na nimepata jibu. Kijana huyu ameambukizwa na Tume. Ameanza kazi kwenu akiwa mdogo, amekulia kwenye vikao vya maandalizi ya vikao, na sasa hawezi kuanza jambo lolote bila mashauriano ya awali. Mtu wa kawaida anahitaji jioni moja kumwambia msichana kilicho moyoni. Huyu anahitaji duru kadhaa. Anaelekea, naona anaelekea. Katika duru hii amemletea kitabu na ua limefichwa ndani. Kwa mwendo huo, baada ya duru nyingine chache atafika kwenye jambo lenyewe. Sasa nyinyi mnataka kutia saini kesho. Mkishatia saini msafara unarudi kwao, vipimo vinatumwa kwa mtandao, na kijana wangu anakuwa jina kwenye ripoti ya kila mwaka. Binti yangu atabaki kwenye ile meza na gauni lake la bluu, akiwapa funguo watu wa semina za bima.

Mimi ni mjane, Mheshimiwa. Nimemlea peke yangu hapa, katikati ya mabegi ya watu wengine, watu wanaokuja na kuondoka. Nilikuwa naomba apate mmoja tu wa kubaki. Ndiyo sababu nasema mto huu lazima uendelee kugombaniwa mpaka kijana yule afungue mdomo.

Kwa kuwa sipendi kulalamika bila kuleta suluhisho, napendekeza yafuatayo, kuanzia la rahisi.

Kwanza, mrudishe mbao mbili darajani. Ule ulioondolewa uko stoo kwangu, haujaharibika. Rangi nitatoa mimi.

Pili, kama mto wenyewe mmeumaliza, kuna samaki. Samaki anazaliwa nchi ya juu, anakulia nchi ya chini, na akitaka kutaga anarudi alikozaliwa bila kibali cha mtu. Huyo ni raia wa wapi? Nani anamtoza kodi? Hilo peke yake ni misimu kadhaa ya kazi kwa watu wenye bidii kama nyinyi.

Tatu, na hili naona Tume imelisahau kabisa, kuna mawingu. Maji ya mto yametoka kwenye mvua, na mvua imetoka mawinguni, na mawingu yanavuka mpaka kutwa kucha bila taarifa ya mapema. Mengine yanatoka upande wetu na kwenda kunyesha kwao, kisha wao wanatuuzia maneno kwamba maji ni yao. Mnawezaje kugawana mto wakati hamjagawana mawingu? Itabidi muanze mwanzo. Muunde kamati ndogo ya mawingu, kamati ndogo ya umande, na ya tatu ya ukungu, ambayo itakutana asubuhi na mapema na kwa hiyo italazimika kulala hapa. Nimeshawaonyesha wafanyakazi vyumba vya kusafisha.

Nne, kama haya yote yatashindikana na saini haina budi kutiwa, basi naomba kiongezwe kiambatisho kimoja. Mmekubaliana kwamba kitu kinachotoka nchi ya juu na kuhitajika nchi ya chini ni mali ya wote na kisimamiwe kwa pamoja. Kwa kanuni hiyo hiyo naomba kijana wa vipimo atangazwe kuwa rasilimali ya pamoja. Nimejaribu kuandika vifungu vyake kwa kufuata lugha yenu:

Nchi ya juu haitamzuia kijana huyu huko kwake bila sababu ya msingi, hasa wakati wa kiangazi. Ataruhusiwa kuteremka kwetu kwa kiwango cha kutosha na kwa nyakati zinazojulikana, si siku tatu za mafuriko na msimu mzima wa ukame. Iwapo nchi ya juu inakusudia kumhamisha, kumpeleka masomoni au kumwozesha kwingine, itatoa taarifa mapema kwa mapokezi. Nchi ya chini, kwa maana ya mimi, itamtunza, haitamchafua wala kumtumia kupita kiasi, na itamrudisha kwa mama yake kila sikukuu akiwa katika hali aliyokuja nayo au bora zaidi.

Mwanasheria yeyote wa Tume akiona kasoro katika vifungu hivi, aje jikoni tuvirekebishe. Kuna chai.

Nasubiri jibu lako kwa hamu. Unaweza kulipitisha chini ya mlango wa ofisi yangu, au unitikisie kichwa wakati wa chakula cha jioni, nitaelewa.

Nisalimie Mzee Lango na umwambie ile shuka yake ya ziada iko kabatini, rafu ya juu. Nisalimie Mzee Kina. Supu ya leo ina kina cha kidole kimoja na nusu, asisumbuke kuuliza. Wasalimie wakalimani wote, ambao wamekuwa wakitafsiri matusi kwa adabu miaka yote hii na wanastahili kupumzika, lakini si sasa. Msalimie mwanasheria aliyetoa chumvi, ingawa bado sijamsamehe. Wasalimie wake na waume wanaowasubiri nyumbani, na uwaambie wavumilie kidogo tena.

Ni mimi, mwenye kuwatakia kutoelewana kwa heshima na amani,

Mwenye Hoteli

Nyongeza: Mheshimiwa, barua ilikuwa imekwisha. Nilishuka nayo mapokezi kuipiga muhuri wa hoteli, na muhuri anao binti yangu. Alinyoosha mkono akaichukua, akaisoma yote akiwa amesimama, na mimi nikajifanya napanga funguo. Mwanzo alicheka mpaka mgeni mmoja akageuka. Alipofika namba sita akaacha kucheka, akavuta kiti akakaa.

Ameniambia kwamba kijana yule alishasema. Alisema kitambo, pale pale kwenye benchi lenye mtandao mbaya, na jibu alishapewa. Anataka kuleta washenga, lakini Tume yako ina kanuni kwamba mjumbe haruhusiwi kuwa na mchumba wala mkwe katika nchi ya upande wa pili mpaka mkataba utiwe saini. Akiivunja anaondolewa, vipimo vyake vyote vinatiliwa shaka, na mto unaanza kugombaniwa upya. Basi wakakubaliana kuvuta subira. Wamekuwa wakingoja nyinyi muelewane, na mimi huku nikihangaika usiku na mchana msielewane. Kanuni kama hiyo, Mheshimiwa, ilipaswa kubandikwa kwenye ubao wa matangazo, karibu na saa za chakula.

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia mimi mama yake. Akasema aliona nilivyokuwa nafurahi kila kikao kinapovunjika, akaona aniachie furaha yangu. Nimeumia, sitaficha, na nimelia kidogo pale nyuma ya meza, mahali alipokuwa anafanyia hesabu zake.

Ningeichana barua hii, lakini ameshaipiga muhuri, na anasema ije kama ilivyo ili kumbukumbu za Tume zionyeshe kwamba mwombaji aliomba na mwombaji mwenyewe akaondoa ombi. Basi naliondoa lote, pamoja na samaki na mawingu. Kiambatisho cha kijana kibaki. Na msingoje kesho, maana kesho mtu anaweza kuamka na hoja mpya. Ukumbi nimeufungua, baridi nimeizima, kalamu nimeziweka mbele ya kila kiti na nimezijaribu zote zinaandika. Mzee Lango na Mzee Kina nimeshawagongea milango, wanavaa viatu. Bado wewe tu.